Safu ya Karibu na Mlango

Kazi hii yote iligharimu panya mia tatu na kumi na wawili, misimu minne ya mvua, mizani moja iliyoanguka, na heshima ya mama mkwe wangu kwa asubuhi moja. Fedha sizitaji. Nilizihesabu mara mbili, na mara ya pili zilikuwa chache kuliko ya kwanza, nikaona afadhali nihesabu panya, maana panya hata akifa anabaki kwenye hesabu.

Nawaandikia ninyi mnaobaki pale kwenye nyumba ya panya, nyuma ya maabara. Siku mliyoniaga mlinipa soda mbili na hotuba tatu. Hotuba zilitaja miaka yangu ya kazi na vyeo vyangu, ambavyo ni viwili, na kimoja mlikikosea. Hakuna aliyetaja jinsi ya kumshika panya. Kwa hiyo nitaanza hapo.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na viatu vinavyong'aa, kwa sababu baba yangu alikuwa mtu wa reli kule Kongolo na aliamini kwamba kazi ya serikali inaanzia miguuni. Papa Senga, fundi wa wanyama, aliangalia viatu, akaangalia mikono yangu, akafungua kizimba.

"Mushike," akasema.

Nikamshika mkia. Panya akajipinda, akaning'ata kidole gumba, kisha akarudi kwenye kona yake bila haraka, kama karani aliyemaliza kugonga muhuri.

"Bon," Papa Senga akasema. "Sasa munajuana. Mukia njo ya kubebea panya yenye kufa. Yenye iko muzima unamupitishia mukono chini ya kifua, kama unabeba mutoto yenye atakukojolea. Haumukaze, haumuachie."

Kila kitu nilichojua baadaye kilijengwa juu ya hilo. Vizimba tulivyokuwa navyo vilichomelewa na fundi wa mtaani kutoka kwenye mabaki ya vyuma vya mgodi, vizito kiasi kwamba serikali ingeweza kuvitumia kama gereza. Vya kunyweshea vilikuwa chupa za bia zilizogeuzwa juu chini, zenye mrija uliopindwa. Chakula tulikisaga wenyewe: unga wa mahindi, soya, na wale samaki wadogo wakavu tunaowaita fretini. Kazi ya kupatana bei za vitu hivyo ilikuja mikononi mwangu baada ya Papa Senga kunisikia nikinunua ndoo moja ya maranda ya mbao ya kutandika vizimbani na kuondoka na mbili. Muuza maranda alinifuata hadi getini, si kwa ugomvi, ila alitaka kujua ilikuwaje.

Miaka mingi tuliwatunza panya kwa ajili ya kazi za watu wengine: wanafunzi waliokuja na majani ya miti kwenye mifuko ya plastiki, walimu waliokuja na haraka. Halafu akaja Dokta Odia, na yeye alikuja na swali.

Nitalieleza kama alivyotueleza sisi, akichora kwa chaki sakafuni. Kuna mshipa mkubwa unaokusanya damu kutoka matumboni na kuipeleka kwenye ini. Ini likiwa gumu, kwa pombe, kwa homa ya ini ya muda mrefu, au kwa kichocho cha mtoto aliyeogelea mtoni, damu haipiti. Inarudi nyuma, inasukuma, inatafuta njia za pembeni. Njia mojawapo ni mishipa midogo ya koo la chakula, ambayo haikuumbwa kubeba msukumo huo. Inavimba. Siku ikipasuka, mtu anatapika damu kwenye beseni, na ndugu zake wanatafuta pikipiki.

Ilikuwepo dawa ya kupunguza msukumo huo, propranolol, inayotuliza mbio za moyo. Inasaidia wengine, wengine haiwatoshi. Dokta Odia alitaka kujua kama ukiiunganisha na dawa ya pili, ya kulegeza mishipa, msukumo utashuka zaidi. Wengine ulimwenguni walikwisha kuuliza swali hilo, alisema, na majibu yao hayakufanana. Yeye alitaka kuona kwa macho yake, kwa dozi anazoweza kupima, kabla hajamshauri mtu yeyote aliye kitandani.

Panya hapati ugonjwa huo kwa kuombwa. Unamlaza kwa dawa ya usingizi, unafungua tumbo, unautafuta ule mshipa, unalaza sindano butu kando yake, unafunga uzi wa hariri kuzunguka vyote viwili pamoja, kisha unachomoa sindano. Nafasi iliyoachwa na sindano ndiyo njia pekee iliyobaki kwa damu. Ukikaza sana panya anakufa jioni. Ukilegeza, umemfungua tumbo bure. Nilifanya mazoezi kwenye utumbo wa kuku, nyumbani, hadi mke wangu akaanza kununua kuku bila utumbo. Papa Senga alikuwa akiangalia fundo langu, anavuta ncha moja, na fundo likifunguka ananipa uzi mwingine. Siku fundo halikufunguka alisema, "Iyi sasa ni ya muntu."

Baada ya majuma mawili ya dawa, unamlaza tena, safari hii bila kuamka, na kupima. Tulitumia bomba la kioo lililosimama kando ya rula, mrija wake ukiingia kwenye ule mshipa. Damu inasukuma maji juu ndani ya bomba, unasoma yamesimama wapi. Nilikuwa nikisoma mara mbili. Wengine waliona ni uzee, ila nilianza tabia hiyo nikiwa na miaka ishirini na sita.

Sasa nifike kwa Mama Ngalula.

Alikuja asubuhi moja kutoka Naviundu, ambako alikuwa akiuza maandazi, kitenge kimefungwa vizuri, na hakuomba kazi kama watu wanavyoomba. Alisimama mbele ya Dokta Odia akasema:

"Banasema hapa njo banatafuta dawa ya bantu benye kutapika damu. Niko nataka kufagia hapa."

Mwanawe Tresor alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alilelewa kwa shangazi yake kandokando ya mto Lualaba, akiogelea kila siku ambayo Mungu aliileta, na kichocho kikaligeuza ini lake. Alikuwa anajifunza kazi ya wakala wa forodha kule mpakani Kasumbalesa, kukimbiza karatasi za malori. Alitapika damu kwa mara ya kwanza katikati ya foleni, kati ya lori la salfa na lori la mahindi. Hospitali walimfunga mishipa kwa vipira vidogo kupitia mrija wa kooni, wakampa propranolol. Akatapika tena. Daktari alimwambia mama yake wazi kwamba mara ya tatu huenda asiwahi kufika hospitali.

"Mama," Dokta Odia akamwambia, "hapa tunatibu panya. Jibu likipatikana litaenda kwanza kwa madaktari wa hospitali, polepole."

"Polepole ni siku ngapi?"

"Sijui, mama."

"Basi nitangoja nikifagia."

Na kweli alifagia. Sijaona sakafu ikifagiliwa vile hata kanisani. Baada ya muda akakabidhiwa maji na chakula pia, kwa sababu panya walikuwa wananyamaza akiingia, na sisi tukiingia walikuwa wanakimbilia kona.

Mama Ngalula aliwapa panya majina. Dokta alikuwa amekataza, kwa sababu alizozieleza kwa Kifaransa, lakini Mama Ngalula alikuwa na sababu zake. Nilimuuliza siku moja tukiosha chupa.

"Huyu panya anafia mutoto yangu," alisema. "Nitamwita tu panya? Hata muntu yenye anakubebea mufuko sokoni unamuuliza jina."

Majina aliyatoa kwenye kalenda ya parokia iliyoning'inia juu ya bomba: mtakatifu wa siku hiyo ndiye jina la panya wa siku hiyo. Ndivyo tulivyopata Philomène, Athanase, Boniface, na mmoja mkorofi sana aliyeitwa Clément. Nani angesema kuna ubaya? Papa Senga mwenyewe alikuwa akimuuliza asubuhi, "Boniface amelala muzuri?"

Ubaya wa kwanza uliniangukia mimi. Asubuhi ya kupima nilikuwa nimevaa glavu, bomba liko tayari, Mama Ngalula akaniletea panya mikononi, akasema kwa sauti ya kumkabidhi mgeni, "Bernadette."

Mama mkwe wangu anaitwa Bernadette. Kwetu, mimi na mama mkwe hatukai kwenye kiti kimoja, hatuli sahani moja, nikimwona barabarani napinda njia. Na mwenye jina lake ni kama yeye mwenyewe. Mtoto aliyepewa jina la mkwe wako humchapi, unamwita mama. Sasa mimi nimfungue tumbo.

"Mama Ngalula, ondoa ile jina."

"Jina haiondolewake."

"Mupe ingine. Iko kalenda muzima."

"Yee anajua jina yake, Papa Kalenga. Muangalie, anageuka."

"Basi muite Bernard."

"Ni mwanamuke."

Nilipanda bei: nikamwahidi maranda bora, nikamwahidi kuosha chupa kwa juma zima. Hakushuka. Mwishowe Papa Senga, ambaye mama mkwe wake aliitwa Tshala, akavaa glavu akafanya kazi yeye, na mimi nikasoma bomba nimegeuza uso. Jioni nilipomsimulia mke wangu hakucheka. Aliuliza kama mama yake alilala kwanza vizuri kwa dawa. Nikasema ndiyo, akaridhika.

Tulikuwa na makundi manne. Kila chupa ilifungwa kitambaa: nyekundu, kijani, bluu, njano. Kundi moja lilikunywa maji matupu, moja propranolol, moja dawa ya pili, moja dawa zote mbili. Ni Dokta peke yake aliyejua rangi ipi ni ipi. Vizimba vilipangwa kwa safu, kila rangi safu yake, kwa unadhifu, na njano ikawa karibu na mlango.

Tulipomaliza awamu ya kwanza, Dokta Odia alifunga mlango wa ofisi yake, akakaa na hesabu, akatoka akicheka peke yake. Njano ndizo zilikuwa dawa mbili pamoja, na msukumo wa damu kwa njano ulikuwa umeshuka kuliko hata alivyothubutu kutumaini. Alituambia sote, pamoja na Mama Ngalula, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha furaha.

Mama Ngalula hakucheka. Aliweka ufagio ukutani, akauliza, "Tresor atakunywa kesho?"

"Hapana, mama. Lazima turudie. Mara moja haitoshi."

"Papa Kalenga anasomaka mara mbili. Ile si mara mbili?"

"Turudie kazi yote, mama. Toka mwanzo."

"Dokta, weye uko na mutoto?"

"Niko na mmoja."

"Ungengoja?"

Dokta Odia akasema, "Ningelia. Lakini ningengoja." Mama Ngalula akachukua ufagio wake.

Awamu ya pili ilianza na mvua. Paa letu lilivuja mahali pamoja tu, na mahali penyewe palikuwa juu ya safu ya mlangoni. Tukatoa vizimba, tukaziba paa, na tulipovirudisha njano ikaenda nyuma, ukutani, na maji matupu yakaja mlangoni. Tulipopima, njano walikuwa wameshuka kidogo tu. Na wale wa maji matupu, ambao hawakupewa kitu, walikuwa wameshuka na wao, kama watu wanaopona kwa kumwona daktari barabarani.

Dokta alishuku bomba langu. Tukaliosha, tukalijaribu kwa maji ya kupima, lilikuwa sawa. Akashuku dawa, tukapima unga upya kwenye mizani, na hapo ndipo mizani ilipoanguka. Kisha akanishuku mimi. Hakusema, ila alileta kiti akakaa kando yangu juma zima, akisoma rula nyuma ya bega langu. Nilikasirika, nikawa nasoma kwa sauti kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mama Ngalula alikuwa akipita nyuma yetu na ndoo, akiangalia nyuso zetu, maana kila namba tuliyoisoma ilikuwa siku ya mwanawe.

Siku moja Dokta alifika mapema kuliko kawaida, akasimama nje kutafuta ufunguo, akasikia sauti ndani ikisalimia kwa Kiluba cha Kasai.

"Moyo webe, Philomène. Umeamkaje? Tumbo? Kuja nikuone. Moyo webe, Athanase, jana haukukula, ni nini?"

Alisukuma mlango polepole. Mama Ngalula alikuwa safu ya mlangoni, anamtoa kila panya, anamlaza kifuani, anampapasa mgongo, anamuuliza habari za nyumbani, anamrudisha, anamsafishia mrija wa chupa kwa kitambaa. Alipomaliza safu hiyo alisimama wima, akazigeukia safu nyingine tatu, akasema, "Na bengine bote, moyo wenu," akaanza kufagia.

Mtu yeyote wa hapa ataelewa. Ukiingia kwenye kilio, au kwenye nyumba yenye wageni wengi, unawasalimia kwa mkono na kwa jina wale walio mlangoni, na waliobaki unawapungia kwa pamoja, na hakuna anayekasirika. Ndiyo adabu. Mama Ngalula alikuwa akiingia kwa panya kama anavyoingia kwa watu.

Dokta Odia alikaa kwenye kiti chake cha kunichunguza. Tulipofika mimi na Papa Senga alitueleza taratibu. Panya aliyezoea mkono na sauti hahangaiki. Moyo wake umetulia kabla dawa haijamgusa, anakula, anakunywa chupa yake yote. Kwa hiyo awamu ya kwanza tulipima dawa mbili pamoja na salamu. Awamu ya pili salamu ilienda kwa maji matupu.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilipanga rangi kwa safu. Ningezichanganya, salamu ingewafikia wote kidogo kidogo."

Mama Ngalula hakusikia sehemu hiyo. Alikuwa amebaki kwenye sehemu ya kwanza.

"Kwa hiyo ile furaha ya kwanza ilikuwa ya bongo."

"Si uongo wote, mama. Hatujui ni kiasi gani."

"Ni mimi njo nimechelewesha mutoto yangu."

Clément alikuwa anatafuna chuma cha kizimba chake.

Dokta alisema kuanzia siku hiyo hakuna salamu kwa panya yeyote. Mama Ngalula akasema basi atarudi kuuza maandazi, kwa sababu kuingia mahali penye viumbe na kupita kama mwizi hawezi. Hapo nikaona ni kazi yangu. Maisha yangu yote nimesimama kati ya mtu anayesema sifuri na mtu anayesema mia.

"Dokta," nikasema, "unataka nini hasa? Wasisalimiwe, au wasizidiane?"

"Wasizidiane."

"Mama, unataka nini? Bale ba mulangoni, ao bote?"

"Bote ni bengi, Papa Kalenga. Nitamaliza saa ngapi?"

"Tutakusaidia."

Dokta alifikiri, akaanza kuhesabu kwa vidole. Wote wapewe jina, alisema. Wote watolewe, washikwe, waulizwe, kwa muda uleule, na mtu yuleyule kadiri iwezekanavyo. Na vizimba vichanganywe kwa kura. Papa Senga akavua kofia yake, tukakunja vikaratasi tukavitia humo, tukavuta kizimba kwa kizimba. Nilihesabu vikaratasi mara mbili. Kimoja kilikuwa kimebaki kwenye mshono wa kofia.

Tatizo lililofuata lilikuwa majina. Kalenda ina watakatifu wengi, lakini Mama Ngalula hakukubali kurudia jina la marehemu wa awamu zilizopita. Alisema ni kumwita mtu aliyelala. Nikatoa vituo vya reli vya baba yangu: Kabalo, Nyunzu, Kamina, Bukama.

"Kituo ya treni haiko jina ya muntu," alisema.

"Na panya haiko muntu."

"Njo vile unasema sasa. Siku ya Bernadette haukusema vile."

Tukakubaliana: vituo vya reli kwa madume, watakatifu kwa majike. Ndiyo sababu kwenye kumbukumbu za awamu ya tatu, mkizifungua, mtaona Kamina ameongezeka uzito.

Awamu ilikuwa katikati Tresor alipotapika kwa mara ya tatu. Aliwahi. Dereva wa lori alimwingiza ndani ya kabini na kumleta mjini, hospitali wakamfunga tena mishipa, wakamwongezea damu. Mama Ngalula alikaa naye, na mimi na Papa Senga tukabaki na panya. Salamu ilipaswa kuwa ileile. Basi wazee wawili, mmoja wa Kongolo na mmoja wa Pweto, wakasimama kila asubuhi wakiwalaza panya kifuani na kuwaambia kwa Kiluba cha Kasai, "Moyo webe, Scholastique. Umeamkaje?" Papa Senga alikuwa na sauti nzito, na mwanzoni Scholastique alikuwa akijikojolea. Siku ya tatu alizoea.

Nilienda hospitali nikamkuta Dokta Odia kando ya kitanda. Tresor alikuwa amelala, midomo myeupe. Mama Ngalula alikuwa amemshika Dokta mkono wa koti.

"Mupe sasa. Zote mbili. Uko unaona iko namna gani."

"Mama, siwezi."

"Panya benyewe wako wanakunywa."

"Na ndiyo sababu siwezi. Tumeona kitu juma hili. Kwa baadhi ya panya, dawa mbili zinashusha msukumo wa tumboni vizuri, lakini zinashusha na msukumo wa damu wa mwili mzima, unakuwa chini sana. Mtoto wako amepoteza damu nyingi. Nikimpa leo, naweza kumwangusha."

Mama Ngalula aliniangalia. Mimi ndiye niliyesoma namba hizo. "Ni kweli?"

"Ni kweli. Nilisoma mara mbili."

Akaachia koti. Akakaa, akamfunika mwanawe miguu.

Awamu ya tatu iliisha kiangazi kikiwa kimeanza. Jibu halikuwa la kumfanya mtu acheke peke yake ofisini. Dawa mbili pamoja zilifanya vizuri kuliko moja, ila kwa kiasi cha wastani, na zilitaka dozi ndogo inayopandishwa taratibu huku unapima msukumo wa damu mkononi. Dokta aliandika hivyo hivyo, na akaeleza pia habari ya safu na salamu, ingawa wenzake walimshauri aache. Kisha akaenda kukaa na daktari wa Tresor, mara kadhaa, wakabishana. Tresor alipopata nguvu na damu yake kurudi, wakamwanzishia dawa ya pili kwa kipande kidogo cha kidonge, amelala, wakampima, amesimama, wakampima. Mama yake alikuwepo mlangoni.

Hajatapika tena tangu hapo. Sijui kama ni dawa, au vipira, au ni kwa sababu aliacha kunywa bia na madereva. Dokta Odia naye anasema hajui, kwa mtu mmoja huwezi kujua. Papa Senga alistaafu, akarudi kwao, akatuma ujumbe kuuliza habari za Kamina, kana kwamba bado yuko kizimbani. Mama Ngalula yuko hapo na ninyi bado, na mkimwona anasalimia safu ya mwisho kabla ya safu ya kwanza, hiyo ndiyo sababu. Mimi nimeridhika. Kazi ilikuwa nzuri, harufu mbaya, na nilijifunza fundo ambalo halitanisaidia popote pengine.

Ila kuna jambo moja, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Tresor sasa ni wakala kamili, ana watu wawili chini yake na mke. Jumapili huwa anakuja kwangu kula. Jumapili iliyopita, wake zetu wako jikoni, aliniambia ameacha ile dawa ya pili. Ana miezi sasa. Akisimama juani Kasumbalesa kati ya malori kichwa kinazunguka, na mwenye mali anamwangalia kama mlevi. Ile ya kwanza anaimeza, akikumbuka.

"Papa Kalenga," alisema, "niko muzima. Muntu muzima anakunywa dawa ya nini?"

Nikamwambia arudi kwa daktari wake, dozi inaweza kupunguzwa, saa ya kumeza inaweza kubadilishwa. Akasema daktari atamwambia akae mjini, na mjini hakuna malori. Nikamkumbusha mara tatu alizotapika. Akasema ni zamani, akaongeza mboga. Nikajaribu kupatana: nusu kidonge, jioni tu, siku ambazo haendi mpakani. Kisha nikaona ninapatana juu ya kitu nisichokijua bei, nikaacha. Akaniomba nisimwambie mama yake.

Panya hakuwahi kunijibu. Mtu anayejisikia vizuri, mwenye kazi yake na maneno yake, huyo sikufundishwa jinsi ya kumshika. Nikimwambia Mama Ngalula, nitakuwa nimevunja neno la kijana, na huenda asije tena. Nisipomwambia, nitakula naye Jumapili baada ya Jumapili nikiangalia midomo yake ina rangi gani.

Ninyi mko karibu na dawa kuliko mimi, na wengine wenu mna umri wake, mnajua maneno yanayoingia. Niambieni nimwambie nini, na nani amwambie. Anakuja Jumapili hii na mama yake. Nahitaji jibu kabla bukari, ugali wetu, haijapakuliwa.